Maji ya Zamu

Karakana yangu iko Ruwi, nyuma ya duka la vipuri.
Nachonga shaba: majina ya madaktari,
namba za nyumba, "Usiegeshe Hapa".
Leo nakiri, na wa kucheka na acheke.

Ile kauli iliyo langoni mwa skuli kule Ibra,
iliyo kwenye kalenda za benki,
aliyoinukuu mheshimiwa siku ya kufungua bwawa
kisha akanyamaza kidogo, picha zipigwe,
si ya Liwali Muhenna.
Liwali Muhenna, Mungu amrehemu, hakuacha neno.
Aliacha ngome yenye popo, na deni la tende.

Ni ya shangazi yangu, Bi Shinuna binti Khalfan.

Aliisema mwaka wa sabini na sita, alfajiri,
kanga kaifunga kibwebwe, miguu ndani ya falaji,
mwaka wa pili tangu ashuke kwenye ndege
na masanduku mawili
na Kiarabu cha kuombea chumvi tu.
Kaka yake, yaani baba yangu, alikuwa ameinama
anasogeza jiwe na tambara
ayageuze maji ya shamba la jirani,
nusu saa tu, mitende yetu ina kiu,
na jirani ni binamu, binamu hasemi kitu.
Shangazi akamsimamia na jembe begani.
Akasema kwa Kiswahili,
maana mtu hagombi kwa lugha ya kuazima:
"Maji ya zamu hayana undugu."
Kisha akamwita mbwa koko.
Hilo sikulichonga.

Miaka ikapita, akaja Ustadh Ghanim, mwalimu mkuu,
anataka kibao cha lango, neno zito, la asili.
Nikamtajia lile, nimeshalivisha Kiarabu,
likamkaa kinywani kama jino la dhahabu.
"Nani kasema?"
Kalamu yake ilikuwa wazi, inangoja.
Ningejibu: mwanamke, yu hai, anakaanga vitumbua
mtaa wa pili kutoka kwako,
juzi alikukopesha sufuria.
Nikajibu: "Liwali Muhenna."
"Nilijua," akasema,
kama aliyekuwepo.

Natoza kwa herufi.
Jina la Liwali lilikuwa refu.

Neno likaota ndevu.
Msomi mmoja akalipatia mwaka,
mwenzake akampinga, akalirudisha nyuma miaka arubaini.
Mzee mmoja wa Sur akaapa
kuwa babu yake alilisikia kwa masikio mawili.
Zikaja oda: Nizwa, Sohar, hata Dubai,
nami nikachonga, nikachonga,
vumbi la shaba limeniingia kuchani halitoki.

Ijumaa iliyopita simu ya shangazi ikalia.
Mjukuu wake wa Mabela kamtumia picha:
ngome, mwezi mpevu,
mtu wa kilemba aliyechorwa na mashine, ana vidole sita,
na chini yake Kiswahili
kilichotoka kwenye Kiarabu kimechoka safari:
"Zamu ya maji haitambui nasaba ya ukoo."
Na jina, kwa wino wa dhahabu.

Akavaa miwani. Akasoma mara mbili, midomo ikitembea.
Mimi nimeshika kikombe cha kahawa,
kahawa imekataa kushuka.

"Huyu bwana," akasema, "alikuwa na akili."
Akaipangusa simu kwa ncha ya mtandio.
"Lakini Kiswahili chake kibovu. Angesema hivi..."
Na akasema,
silabi kwa silabi, kama falaji inapita chumbani,
mkono umeshika mpini wa jembe lisilokuwepo.

Nikafungua kinywa.
Akaniwahi, haniangalii, anatafuta kisahani cha halua:

"Na lile la mbwa koko,
nalo alilisema yeye?"